Barua ya wazi kwa Baraza la Chuo na Mkuu wa Chuo: karatasi zetu zirudi kabla ya mtihani

Kwa:
Mwenyekiti wa Baraza la Chuo,
Mkuu wa Chuo,
Mkuu wa Idara ya Sheria,
TANGA.

YAH: USAHIHISHAJI, UFUNDISHAJI NA MAZINGIRA YA KUSOMEA SHERIA CHUONI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Barua zetu za awali zilipitia kwa wawakilishi wa madarasa, kisha kwa Serikali ya Wanafunzi. Zilipokelewa na kugongwa muhuri, na jibu likawa lile lile: suala linafanyiwa kazi. Muhula umekwisha, mwingine umeingia, kazi yenyewe hatujaiona. Ndiyo sababu leo tunaandika hadharani. Hatuna nia ya kumvunjia heshima mhadhiri yeyote. Wapo wanaobeba masomo manne kwa muhula na bado wanafungua mlango wa ofisi mwanafunzi akibisha. Tunacholalamikia ni utaratibu, na utaratibu uko mikononi mwenu.

Malalamiko yako saba, lakini hayana uzito sawa. La kwanza ndilo linalotuuma kuliko yote, na mtatuwia radhi tukikaa nalo kwa muda.

1. Karatasi zilizosahihishwa hazirudi

Alama za muhula ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60. Zile 40 zinatokana na majaribio mawili na kazi moja ya kuandika nyumbani. Tunachorudishiwa ni orodha kwenye ubao wa matangazo: namba ya usajili, na mbele yake 17, 22 au 13. Karatasi yenyewe inabaki kabatini.

Katika masomo mengine pengine namba inatosha. Katika sheria haitoshi, na Idara inalijua hilo kuliko sisi. Swali la tukio halipimi umekariri nini. Linapima kama umeiona hoja ya kisheria iliyofichwa ndani ya habari, kama umeleta kifungu na kesi inayohusika, kama umeioanisha sheria na mambo yaliyotokea, na kama umefikia jibu ambalo mteja anaweza kulifanyia kazi. Mtu anaweza kuandika kurasa nne zisizo na kosa hata moja na bado akafeli, kwa sababu kurasa zote nne hazikugusa hoja.

Chukueni mfano huu. Mzee wa Pongwe anagombea mpaka wa shamba na jirani yake. Shauri linafika Baraza la Kata, baraza linasikiliza pande zote, linaamua jirani ahame na kumpa siku 14. Jirani anakuja kuomba ushauri. Mwanafunzi anaeleza historia ya mabaraza, anaorodhesha wajumbe, anataja kikomo cha thamani cha shilingi milioni 3, kisha anamshauri jirani akate rufaa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kupinga namna ushahidi ulivyopimwa. Anapata 6 kati ya 20. Kwa macho yake amejibu kila kitu, kwa hiyo anahitimisha kwamba mhadhiri ana roho mbaya.

Kumbe hoja ilikuwa mamlaka. Tangu Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, irekebishwe mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana, mdai anafungua shauri Baraza la Wilaya akiwa na uthibitisho wa Baraza la Kata kwamba umeshindikana, na siku 30 zikipita bila suluhu anaweza kufungua bila uthibitisho huo. Amri ya kuhama imetolewa na chombo kisicho na uwezo wa kuitoa. Hapo ndipo jibu linapoanzia, na ushahidi wa mpaka hauna hata sababu ya kuguswa.

Maneno machache pembeni mwa karatasi yangetosha: "Hoja ni mamlaka. Soma marekebisho ya 2021." Yasipoandikwa, mwanafunzi yule yule anaingia mtihani wa mwisho na ugonjwa ule ule, safari hii kwa alama 60, anakula sapu, yaani mtihani wa marudio. Sapu nayo inasahihishwa vile vile, gizani. Wengine wanakeri (wanabeba somo hadi mwaka unaofuata), wengine wanadisko (wanaondolewa chuoni), na hakuna aliyewahi kuambiwa kosa lake lilikuwa lipi.

Tunajua jibu litakuwa kwamba madarasa ni makubwa. Tupige hesabu pamoja. Darasa la watu 200, dakika 6 kwa karatasi, ni saa 20. Wasahihishaji watatu wakigawana, kila mmoja ana saa zisizofika 7. Na kazi hiyo tayari inafanyika, maana alama zinatoka. Kinachokosekana ni maoni, na maoni hayahitaji insha. Idara iandae karatasi moja ya makosa ya kawaida yenye namba: 1, hoja haikutajwa, 2, kifungu kimefutwa au kurekebishwa, 3, kesi imetajwa bila kuonyesha inahusianaje na tukio, 4, sheria imeelezwa lakini haikutumika, 5, hitimisho halimsaidii mteja, na kuendelea hadi kumi hivi. Msahihishaji anaandika "1, 4" pembeni na kusonga mbele. Ni kazi ya sekunde chache.

2. Tunafundishwa sheria zilizokwisha kubadilika

Mwanafunzi wa mfano wa juu hakuokota kikomo cha shilingi milioni 3 barabarani. Kimo ndani ya kitini kinachouzwa stesheneri ya getini kwa idhini ya Idara, na kitini hicho kinamweleza Baraza la Kata kama chombo kinachotoa hukumu. Anayekiamini anafeli, na ambaye hakukinunua anaonekana mkaidi.

Kwenye rafu za maktaba sheria nyingi bado ni za Toleo la Marekebisho la 2002 (mkusanyo rasmi wa sheria za nchi), na chache za 2019. Toleo la 2023 limeanza kutumika Julai 2025, na baadhi ya vifungu vimehama namba, hasa katika sheria zilizokuwa na viraka vingi vya marekebisho. Wakili anayetaja namba ya zamani mbele ya jaji atasahihishwa mbele ya mteja wake. Sisi tunapelekwa huko huku tumeshikishwa namba hizo hizo.

Kwenye kesi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu vitini vinatoa sentensi moja kwa kesi na sentensi yenyewe mara nyingine si kweli. Kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory ya mwaka 1990, iliyoamuliwa na Jaji Mwalusanya Mahakama Kuu Mwanza, imeandikwa kwenye kitini kwamba "iliwapa wanawake wa Kihaya haki ya kurithi ardhi". Bi Pastory alikuwa ameshairithi ardhi hiyo kwa wosia wa baba yake. Ugomvi ulizuka alipoiuza kwa mtu asiye wa ukoo, na mpwa wake akaenda mahakamani kutengua mauzo kwa hoja kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Swali lilikuwa uwezo wa kuuza, na mila hiyo kupimwa kwa kipimo cha haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba. Mwanafunzi aliyekariri kitini akiletewa swali la mwanamke anayezuiwa kuuza, ataiacha kesi inayomhusu hasa na kuitumia pale isipohusika.

Hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu zinasomeka bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Hatuombi Chuo kinunue vitabu vya mamilioni kesho asubuhi. Tunaomba kila mhadhiri, mwanzoni mwa muhula, atoe orodha ya hukumu 10 za somo lake zisomwe zote mwanzo hadi mwisho, na kitini kisiuzwe bila ukurasa wa kwanza kuonyesha tarehe kilipohuishwa na toleo la sheria lililotumika.

3. Uandishi wa hati unafundishwa kwa imla

Somo la uandishi wa hati za mahakama lina saa 3 kwa wiki, na kwa kiasi kikubwa ni mhadhiri kusoma na darasa kuandika. Fundi cherehani hafunzwi kukata kitambaa kwa kusimuliwa shati.

Wapi hati zinaharibika kunajulikana. Hati ya madai inasahau aya ya mamlaka ya mahakama au thamani ya shauri, wakati Amri ya VII ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inavitaka vyote viwili. Au inakosa uthibitisho wa mdai mwishoni. Hati ya kiapo inajazwa hoja za kisheria na mambo ya kusikia, ilhali mwapaji anatakiwa kueleza mambo anayoyajua mwenyewe. Au kila kitu kiko sawa juu, halafu sehemu ya kuapia haionyeshi mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa, hati inapingwa na ombi zima linaanguka nayo. Utetezi wa maandishi una siku 21 tangu mdaiwa apokee wito, na mwanafunzi anatakiwa azoee kuzihesabu kwenye kalenda badala ya kuzikariri. Makosa haya yanatibika kwa kuandika hati, kunyooshewa kidole, na kuiandika upya. Muhula mzima tunaandika hati mbili, na zote mbili (rejeeni hoja ya 1) hazirudi.

Zote mbili pia ni kwa Kiingereza. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, na Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikitumia Kiswahili miaka yote. Mhitimu wetu anaweza kuandika kwa Kiingereza cha kupendeza na akashindwa kumwandikia mama wa Makorora sababu za rufaa zinazoeleweka.

Na kazi ya kujifunzia ipo mlangoni. Mkoa huu una migogoro ya ajira za mkonge, ya ardhi, na mirathi isiyokwisha. Mirathi ya Kiislamu na ya kimila inaanzia Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa ana miezi 4 ya kuwasilisha Fomu Na. V yenye mali na madeni ya marehemu, kisha Fomu Na. VI ya hesabu. Wengi hawaambiwi, muda unapita, ndugu wanageukana. Dawati la msaada wa kisheria la siku mbili kwa wiki, likisimamiwa na mhadhiri aliye wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Watoa Huduma za Msaada wa Kisheria chini ya sheria ya mwaka 2017, lingefundisha zaidi ya imla ya mwaka mzima. Chumba kipo. Sasa hivi kinatunza viti vibovu.

4. Fildi inapangwa wakati Mahakama iko likizo

Kalenda ya Chuo inatupeleka fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari. Likizo ya Mahakama Kuu ni Desemba 15 hadi Januari 31. Yaani tunapelekwa kuangalia mashauri katika majuma ambayo mengi ya mashauri hayasikilizwi, isipokuwa yale ya dharura, na tunarudishwa darasani Siku ya Sheria inapofungua mwaka mpya wa Mahakama. Hatujui nani alipanga. Kwa vyovyote hakuwahi kwenda kusikiliza kesi mwezi huo.

Matokeo yake ni kushona mafaili na kupanga rejista. Mahakama ya Mwanzo yenye mahakimu wawili inapokea wanafunzi tisa, wanakaa kwenye benchi la nje wakisubiri daftari lisainiwe. Fildi ihamishiwe Julai hadi Septemba, na wanafunzi watawanywe: Mahakama za Mwanzo na za Wilaya, Baraza la Ardhi na Nyumba, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ofisi za mawakili, na wilaya za Muheza, Pangani na Korogwe badala ya wote kurundikana mjini.

5. Rufaa ya matokeo inaamuliwa na aliyesahihisha

Anayepinga matokeo analipia, anajaza fomu, na karatasi yake inarudi kwa mhadhiri yule yule. Kanuni kwamba mtu asiwe mwamuzi wa shauri lake mwenyewe tunafundishwa mwaka wa kwanza, katika jengo hili hili. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, inayotaja haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufaa, ni swali la mtihani karibu kila mwaka. Dirisha la rufaa nalo ni siku 14 tangu matokeo yabandikwe, hata kama yako yamebandikwa yakiwa hayajakamilika. Yanapokuja kukamilika, dirisha limefungwa. Tunaomba msahihishaji wa pili asiyeona alama ya kwanza, na siku zihesabiwe tangu matokeo ya mhusika yakamilike.

6. Maktaba

Inafungwa saa 11 jioni, na vipindi vyetu vingi vinaisha saa 10 na nusu. Mtandao wa Chuo unashika ndani ya maktaba tu. Ifunguliwe hadi saa 4 usiku siku za kazi, na taa za njia ya kutoka getini hadi barabara kuu ziwashwe. Wanaoishi mageto ya Kange na Mikanjuni wanategemea bodaboda, na dereva haingii kwenye giza lile.

7. Namba ya mtihani na ada ya mkopo

Bodi ya Mikopo inalipa ada moja kwa moja kwa Chuo, na fedha zikichelewa hazichelewi kwa sababu ya mwanafunzi. Lakini anayenyimwa namba ya mtihani, ambayo bila hiyo haingii chumba cha mtihani, ni yeye. Aliyepangiwa mkopo na amekwisha kusaini apewe namba, na deni lidaiwe linakotakiwa kudaiwa. Anayejilipia na anayekiuka makubaliano ni suala jingine, hatumtetei humu.

Kuna utetezi mmoja tunaousikia kwenye vikao: kwamba wanafunzi wa siku hizi hawasomi, wanategemea desa, yaani muhtasari wa kukariri. Upo ukweli ndani yake. Desa zinasambaa, na wapo wanaoanza kusoma wiki ya mtihani. Lakini desa inashamiri pale ambapo mtihani unajibika kwa desa, na pale ambapo aliyesoma hukumu nzima na aliyekariri sentensi moja wanabandikiwa namba bila maelezo.

Mnakumbuka Oktoba 2022, matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School), ambako mhitimu wa sheria hupita kabla ya kuwa wakili, yalipoonyesha kwamba kati ya watahiniwa 633 walifaulu 26, 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya masomo na 265 wakafeli. Waziri aliunda kamati iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe, nchi nzima ikajadili kosa ni la nani: ile Taasisi, vyuo vikuu, au wanafunzi wenyewe. Wahitimu wetu wanaelekea mlango huo huo. Hatutaki siku yakitoka matokeo mengine ya namna ile, Chuo kifunike kombe mwanaharamu apite, kisha lawama wabebe watu ambao hawajawahi kuiona karatasi yao wenyewe ikiwa na maoni.

Tunachoomba, kwa mpangilio wa uharaka: karatasi za jaribio la kwanza la muhula huu zirudishwe zikiwa na maoni ndani ya siku 21 tangu jaribio lifanyike, na za jaribio la pili si chini ya wiki mbili kabla ya mtihani. Vitini visivyo na tarehe ya kuhuishwa viondolewe stesheneri mara moja. Wenye mkopo uliosainiwa wapewe namba za mtihani muhula huu. Kalenda ya fildi na kanuni ya rufaa ziingizwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Seneti, wawakilishi wa madarasa wakiwapo na haki ya kusema. Maktaba, taa na dawati la msaada wa kisheria vinahitaji bajeti. Kwa hayo tunaomba tarehe ya maandishi.

Tupo tayari kukaa nanyi siku yoyote ya kazi baada ya saa 10 jioni, na wenzetu wa mwaka wa tatu wamekwisha kuandaa rasimu ya ile karatasi ya makosa ya kawaida ili Idara isianzie sifuri. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Lisipopatikana, tutaiwasilisha barua hii Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ikiwa na nakala za barua zote zilizogongwa muhuri.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wanafunzi wa sheria, mwaka wa kwanza hadi wa mwisho,
kupitia wawakilishi wa madarasa,
Tanga.

Nakala: Mlezi wa Wanafunzi, Serikali ya Wanafunzi, ubao wa matangazo.